Alinitaja Kikaoni

Lifti ya jengo la ofisi ilikuwa imekufa tangu Ijumaa, na Jumatatu saa mbili kasorobo asubuhi ukumbi wa chini ulifurika watu wenye haraka. Wanaume wa tai walitazama saa zao. Wanawake wa viatu virefu walitazama ngazi jinsi mtu anavyomtazama wifi asiyempenda. Katikati yao alisimama dobi mmoja, gauni la bluu lililopigwa pasi likakaa sawasawa, suti saba begani ndani ya mifuko ya nailoni, na hasira ya kutosha ghorofa kumi na moja.

"Fundi!" aliita. "Hiyo lifti unaitengeneza au unaiombea dua?"

Kichwa cha mwanamume kilichomoka kwenye kisanduku cha nyaya. Ovaroli lake la kijivu lilikuwa na doa la grisi kifuani, la zamani, ambalo halikuwahi kuguswa na sabuni ya maana. Dobi aliliona doa kabla ya kuuona uso.

"Naiombea, dada," akasema. "Ilikuwa inakaribia kushuka, sasa imesikia sauti yako imekwama tena."

Watu wakacheka. Dobi hakucheka.

"Nina suti za watu saba, wana mkutano saa mbili kamili. Nikichelewa wewe ndiye utakayeenda kuwaeleza kwa nini wamekaa na bukta."

Fundi akafuta mikono. "Nipe nne, wewe beba tatu."

"Na lifti?"

"Lifti imekufa siku tatu. Haitakufa zaidi."

Wakapanda. Ghorofa ya tano walikuwa wanahema, ya nane wanacheka, na ya kumi na moja Fundi alikuwa tayari ana namba ya simu ya Dobi na Dobi ana ahadi ya kuletewa ovaroli lile alifue. Jambo moja Dobi alilinusa njiani akalipuuza. Fundi alikuwa anatafuna pipi za mnanaa, moja baada ya nyingine, saa mbili asubuhi. Dobi ni mtu anayejua siri za watu wazima kwa pua tu. Anajua nani katapika kwenye shuka na nani kalala nyumba isiyo yake. Alijua. Nasema alijua, na nasema kwa hasira, kwa sababu tungemwona mgeni akifanya vile tungemcheka, lakini sote tukipenda pua zetu huziba.

Miezi minane walipendana kwa kelele. Fundi alikuwa na maneno.

"Dobi wangu, leo nimekuota."

"Nikifanya nini?"

"Ukinifokea."

"Hiyo si ndoto, hiyo ni kumbukumbu."

Kisha ikaja ile siku. Lifti aliyoitia sahihi kwamba ni salama iliporomoka ghorofa mbili na mama mfanya usafi ndani yake. Mama alivunjika mkono. Kwenye begi la spana wakakuta kichupa cha pombe, nusu yake imekwisha, na ilikuwa bado saa nne asubuhi. Fundi alifukuzwa kazi kabla ya adhuhuri. Wiki iliyofuata dada yake mkubwa, mwalimu asiyejua mzaha, alimshika mkono kama mwanafunzi mtoro akampeleka kwenye nyumba ya kupona, ng'ambo ya mji, akae miezi tisa.

Nyumba ile ilikuwa na ukuta mrefu, vitanda thelathini na kengele. Mlinzi wa lango alipekua mifuko. Haikuingia pombe, wala sigara, wala hata kidonge cha kichwa kisichopitia mikononi mwa mkuu wa nyumba, ambaye wote walimwita Mlezi. Mlezi mwenyewe alikunywa miaka ishirini, mpaka akang'oa mlango wa nyumba yake akauuza. Aliwapenda wale wanaume na hakuwaamini hata chembe.

Kila asubuhi walikaa duara. Kila mtu alitaja kosa lake la jana mbele ya wenzake, na asipolitaja mwenyewe, mwenzake alilitaja kwa niaba yake. Huku nje tunaita hivyo kuchongea. Mle ndani waliita kupendana, na mgeni akisikia lazima acheke.

Siku arobaini za kwanza hapakuwa na simu. Baadaye ikawa dakika kumi kila Jumapili, kwenye simu ya ukumbini, na Jumapili ya mwisho wa mwezi wageni waliruhusiwa.

"Dobi wangu."

"Fundi wangu. Umekula?"

"Nimekula, nimefua, nimepiga deki. Ukiniona leo utanioa wewe."

"Nani akuoe, hata kola hujui kuinyoosha."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu.

"Hicho kifua vipi?"

"Kidogo tu. Mlezi alinipeleka kwa daktari, kasema hakuna kitu, maji ya moto na tangawizi vinatosha."

"Wiki tatu tangawizi! Wanakuponya au wanakupika?"

Shangazi, dada wa baba yake Dobi, ambaye walifanya kazi pamoja kwenye duka la udobi, alisikia yote kutoka kwenye meza ya pasi. "Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki," alisema. "Huyo wako kaamua kuvichukua vyote viwili."

Dobi hakutaka methali. Alikwenda duka la dawa akanunua dawa ya kikohozi, ile nzito, ya rangi ya damu ya mzee, inayomlaza mtu usingizi. Hakusoma karatasi iliyokuwa ndani ya boksi. Aliiviringisha chupa ndani ya taulo, taulo ndani ya sweta, sweta katikati ya nguo safi zilizokunjwa vizuri mno hata mlinzi wa lango aliona haya kuzivuruga. Kwenye benchi la wageni alimnong'oneza Fundi, "Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Usiwaambie hao watakatifu wako."

Fundi alimtazama.

"Ahsante, mpenzi," akasema.

Mwezi uliofuata simu haikuita hata mara moja, na Jumapili ya wageni Dobi alivaa gauni la njano, akajipaka manukato shingoni, akasimama kwenye foleni ya wageni na sahani iliyofunikwa kitambaa. Nyuma yake alisimama mama mmoja ambaye Dobi humfulia mapazia. Waliulizana hali. Walipofika langoni, mlinzi alinyoosha kidole ubaoni. Jina la Dobi lilikuwa pale, jina lote mpaka la babu, kwa chaki nyeupe, na mbele yake: HARUHUSIWI SIKU TISINI. ALILETA KILEVI.

Mama wa mapazia alisoma. Alisoma tena. Kisha akasogea nyuma hatua moja, kama vile kilevi kinaambukiza.

"Niitieni huyo Mlezi wenu!" Dobi alipaza sauti. "Kilevi gani? Nani kasema mimi nimeleta kilevi?"

Mlezi alitoka, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. "Yeye mwenyewe, dada. Alisimama kikaoni asubuhi. Tukamwuliza ameipata wapi, akakutaja."

"Mlimpiga?"

"Hatupigi mtu hapa."

"Kwa hiyo alinitaja kwa hiari yake. Mbele ya watu."

"Mbele ya watu. Na yeye amerudishwa siku ya kwanza. Alikuwa amefika siku ya mia na ishirini na moja."

"Kwa dawa ya kikohozi!"

"Kwa chupa nzima, dada, aliyoimaliza siku mbili."

Neno hilo la mwisho Dobi alilisikia kwa masikio tu, halikufika ndani. Ndani kulikuwa kumejaa. Aliondoka na sahani yake, akakwaruza gauni la njano kwenye pipa la taka, akaitupa sahani pamoja na chakula chake humo humo.

Siku arobaini zake mpya za bila simu zilipokwisha, Jumapili saa kumi, simu iliita. Akaiacha. Jumapili ya pili akaiacha. Shangazi alisema, "Pokea, mwanangu, hasira hasara." Dobi akamjibu kwamba hasara alishaipata, sasa anakula hasira. Jumapili ya tatu aliipokea.

"Dobi wangu..."

"Usiniite hivyo! Umenitaja?"

"Nilikutaja kwa sababu nakupenda."

"Sikiliza wewe. Mwanamume akipenda hulitaja jina la mwanamke kwa wazazi wake. Wewe umelitaja langu kwa walevi thelathini!"

"Ningefanyaje?"

"Ungesema umeiokota! Ungesema imeanguka kutoka mbinguni! Nimeitwa mleta kilevi mbele ya wateja wangu, mimi, niliyekufulia hata soksi. Usinipigie tena. Nikisikia sauti yako nitaivunja hii simu."

Akakata. Kisha akalia juu ya shati la mtu, ikabidi alifue upya.

Alhamisi, saa tano asubuhi, mlango wa duka ulisukumwa. Mvuke wa pasi ulipotawanyika, Fundi alikuwa amesimama pale. Amekonda, macho meupe, amevaa malapa na fulana ya nyumba ile yenye namba kumi na nne mgongoni.

"Nimetoka," alisema.

Dobi aliiacha pasi ikiwa imesimama. Siwezi kusema hakufurahi. Moyo ulimruka, tena sana, na miguu ilikwenda mbele kabla ya akili. Alimkumbatia. Kisha akamsukuma.

"Umetoka au umetoroka?"

"Kuna tofauti gani? Wewe hutaki simu zangu. Nimeruka ukuta, nimetembea tangu saa tatu. Yote nimeyaacha kwa ajili yako, laazizi wangu. Kuna mwanamke mwingine aliyerukiwa ukuta?"

Maneno matamu, na mwanamke yeyote angependa kuyasikia. Dobi alimpa kigoda akae. Akaendelea kumtazama. Fundi alisema atatafuta kazi, watapanga chumba, watamwita dada yake waongee mambo ya posa, hatagusa tena tone. Lakini chini ya meza ya pasi kulikuwa na dumu la spiriti ya kutolea madoa, na macho ya Fundi yalikwenda kwenye dumu. Yakarudi. Yakaenda tena. Mara ya tatu sentensi yake ilikatika katikati, neno "harusi" likabaki linaning'inia, na mate yakashuka kooni, wote wakayasikia.

Shangazi aliinuka, akalibeba dumu, akatoka nalo uani.

Fundi alicheka, kicheko kibaya. "Shangazi, unanionaje?"

"Nakuona, mwanangu," Shangazi alijibu kutoka nje.

Na hapo ndipo lile neno la Mlezi, lililokaa masikioni mwezi mzima, lilipozama.

"Ile chupa," Dobi aliuliza taratibu, "uliimaliza kwa siku ngapi?"

Fundi alitazama malapa yake.

"Nakuuliza."

"Mbili."

"Nilisema kijiko."

"Kijiko nilikitupa siku ya kwanza." Kisha maneno yakamtoka kwa haraka. "Siku ya tatu nilikuwa nazunguka nikikagua ukuta, wapi pa kurukia. Kifua kilikuwa kimepona, Dobi. Kilishapona. Lakini nilikuwa nimeshaandaa kikohozi cha kukukoholea Jumapili kwenye simu, ili uniletee nyingine. Na ungeleta."

"Ningeleta," alisema Dobi.

"Ndiyo maana nilikutaja. Nisingekutaja mlango ungebaki wazi, na mimi najijua."

Dobi alikasirika. Alikuwa amekasirika mwezi mzima, lakini hii ilikuwa nyingine. Alimkasirikia yeye na kikohozi chake cha kuandaa. Akajikasirikia mwenyewe, na pua yake, na kazi yake nzuri ya kukunja nguo zilizoficha chupa. Alikasirika kwamba mwanamume aliyekuwa anamtaka ameletwa mpaka mlangoni kwake, na hawezi kumchukua. Akinyamaza tu, atakuwa naye leo usiku. Na akinyamaza, baada ya wiki mbili atamzika, au lifti nyingine itamzika mtu mwingine. Hilo sasa alilijua bila kuambiwa na mtu.

Akachukua simu.

"Unampigia nani?"

"Halo, Mlezi? Mimi ni yule mwanamke wa ubaoni. Mtu wako namba kumi na nne yuko dukani kwangu."

Fundi aliruka kutoka kwenye kigoda. "Dobi! Unanichongea?"

"Mkuki kwa nguruwe ulikuwa mtamu, eh?" Akaziba simu kwa kiganja. "Sasa umekuchoma wewe. Kaa chini!"

Sauti ya Mlezi ilikuwa kavu. Saa saba kamili wanahesabu watu. Kitanda kisicho na mtu anapewa anayesubiri nje, na wanaosubiri ni kumi na tisa. Angekuwa hata mdogo wake wa tumbo moja, kanuni ni hiyo.

"Saa saba atakuwa hapo," Dobi alisema, akakata. Ilikuwa saa sita kasorobo.

"Siendi," alisema Fundi.

"Utaenda."

"Nilikuja kwako kwa mapenzi!"

"Nami nakurudisha kwa hayo hayo! Panda kwenye guta kabla sijakufunga na kamba ya kuanikia."

Guta lile la magurudumu matatu lilikuwa la kupelekea nguo kwa wateja, likinguruma kuliko lilivyokwenda. Fundi alikaa nyuma katikati ya suti zinazoning'inia, akilalamika njia nzima. Mara Dobi hana utu, mara hakuwahi kumpenda, mara wanawake wote ni sawa na dada yake. Dobi naye alijibu kila neno bila kugeuka, na wapita njia walisimama kuwatazama.

Kwenye taa za barabarani kelele za nyuma zilikoma. Dobi aligeuka. Suti zilikuwa zinabembea zenyewe. Fundi alikuwa ng'ambo ya barabara, malapa mkononi, hatua tano kutoka mlango wa baa.

Aliliacha guta katikati ya njia. Honi zikalia, dereva mmoja akamtukana mama yake, naye akarudisha tusi bila kupunguza mwendo. Alimfikia mlangoni, akamkamata ukosi wa fulana.

"Niache nikate kiu moja tu. Moja, halafu naenda, naapa."

Dobi aliuachia ukosi.

"Ingia. Na mimi naingia. Nitakaa mbele yako nikutazame glasi kwa glasi mpaka uanguke, na macho yangu sitayaondoa. Yule mama wa lifti alikuwa peke yake alipoanguka. Wewe hutakuwa peke yako. Haya, ingia!"

Mhudumu wa baa alikuwa amesimama na kitambaa begani, akiwasikiliza. Fundi aliutazama mlango, akamtazama mwanamke. Uso wake ulijikunja kama wa mtoto. Akavaa malapa.

"Unanichukia," alisema.

"Leo, sana. Twende."

Walifika langoni saa saba kasoro dakika nne. Mlezi alikuwa nje na daftari lake, na nyuma yake kijana wa watu mwenye begi na mama yake mzee walikuwa wamekaa kwenye jiwe, wakisubiri kitanda. Mlezi hakusalimu.

"Siku ya kwanza tena," alimwambia Fundi. Kisha akamgeukia Dobi. "Na wewe dada, ametoroka kwa ajili yako. Kwa hiyo hakuna simu, hakuna barua, hakuna kutembelea. Mpaka amalize miezi tisa yote."

"Miezi tisa!" Dobi alifoka. "Mimi ndiye niliyemleta, tena kwa mikono yangu!"

"Nimeona. Na ningekuwa na uwezo ningekushukuru kwa njia nyingine."

Dobi alitaka kumpiga na kiatu. Alitaka kuupiga ule ukuta. Akameza.

"Sawa," akasema.

Fundi hakuingia. Alisimama kwenye mstari wa lango, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akamshika Dobi mkono.

"Niambie neno moja niingie nalo. Utaningoja? Nikimaliza, utaolewa na mimi?"

Dobi alikuwa na jibu. Lilikuwa kwenye ulimi tangu ghorofa ya kumi na moja, miezi mingi iliyopita, na lilikuwa neno fupi. Akaliuma.

"Sikuambii."

"Dobi!"

"Sikuambii! Nikikwambia ndiyo, utaruka ukuta uje kunikumbatia. Nikikwambia hapana, utaruka ukuta uje kunibembeleza. Nakujua sasa. Ukitaka jibu, maliza, utoke kwenye lango hili, kwa miguu yako, mchana, Mlezi akiwa amekufungulia. Ukija kabla ya hapo, hata ukija unatoka damu, duka langu limefungwa."

"Mwanamke una roho mbaya wewe!"

"Ndiyo. Ingia."

"Roho mbaya kabisa! Nitamaliza, umesikia? Nitamaliza nije nikuulize mbele ya shangazi yako na mbele ya dada yangu, na utajibu!"

"Kelele nyingi. Ingia, saa saba inagonga."

Kengele ililia ndani. Fundi aliuvuta mkono wake, akauvuta na ule mguu wa nje, akaondoka bila kuaga, akipiga malapa chini kwa nguvu, akibwata peke yake kuhusu wanawake. Yule kijana mwenye begi aliinamisha kichwa. Mama yake akamwambia watakuja tena kesho. Dobi alishika vyuma vya lango akamsindikiza Fundi kwa macho. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mtu wake alikuwa amekasirika kuliko alivyowahi kumwona, na alikuwa anaelekea ndani.